Freni za pikipiki: ABS na CBS ni nini, na zinatusaidia wapi?

Katika bulteni hii tunazoea kusema juu ya mbegu, magonjwa ya mimea na bei. Leo tunasema juu ya pikipiki, maana mavuno hayajipeleki. Kahawa mbivu inapaswa kufika kwenye kituo cha kuosha siku ile ile ilipochumwa. Ikilala ndani ya mfuko inaanza kuchacha, na bei inashuka. Kwa hiyo motari anakimbia jioni, mara nyingi mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Msimu uliopita, mwanachama mmoja wa kooperative tunayoisindikiza huko Kalehe alianguka kwenye mteremko akiwa na mifuko miwili. Alikanyaga freni ya nyuma kwa nguvu yote, gurudumu likakwama, pikipiki ikateleza. Alivunjika mguu, na kwa miezi mitatu majirani ndio waliomlimia. Sasa kooperative ile inataka kununua pikipiki mpya na inatuuliza: "Hii ABS wanayosemaka kwenye maduka ni kitu gani? Tuongeze pesa juu yake?"

Tuanze na gurudumu

Mpira unashika udongo vizuri wakati gurudumu lingali linazunguka. Likikwama, mpira unakokotwa tu. Gurudumu la nyuma likikwama, pikipiki inaenda upande. La mbele likikwama, hauwezi tena kuiongoza, na unaanguka upesi. Ndiyo maana tunasikia kila siku: "Freni ya mbele inaangushaka watu." Kuna ukweli ndani yake, lakini ni nusu. Unapofunga freni, uzito unakuja mbele, na kwenye barabara kavu freni ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Anayeiacha kabisa anatumia ile dhaifu peke yake.

Mzigo unabadilisha hesabu. Mifuko ya nyuma inakandamiza gurudumu la nyuma, kwa hiyo freni yake inasaidia zaidi kuliko pikipiki ikiwa tupu. Lakini pikipiki nzito inahitaji nafasi ndefu ili isimame. Tena, mifuko ikining'inia nyuma ya gurudumu, mbele panakuwa pepesi na usukani haushiki.

ABS inafanya nini?

Kwenye gurudumu kuna kifaa kinachopima mwendo wake, na kompyuta ndogo inayosoma vipimo hivyo. Ikiona gurudumu linataka kukwama, inalegeza freni kidogo, halafu inakaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkono wako unaendelea kubana, lakini gurudumu linaendelea kuzunguka na unaweza kuongoza. Kwenye pikipiki ndogo, mara nyingi ABS iko mbele tu, na gurudumu la nyuma bado linaweza kukwama.

ABS si dawa ya kila kitu. Kwenye changarawe na udongo uliolegea inaweza hata kurefusha nafasi ya kusimama. Kwenye kona, pikipiki ikiwa imelala, bado unaweza kuanguka. Na haiwezi kusaidia mpira uliokwisha.

Na CBS?

Hii ni freni ya kuunganisha. Unakanyaga pedali ya nyuma, na freni ya mbele nayo inavutwa kidogo. Inamsaidia yule mwenye kusahau mkono, lakini haizuii gurudumu kukwama.

Pikipiki nyingi tunazotumia zinatoka India. Kule, tangu Aprili 2019, pikipiki mpya zenye injini inayopita 125 cc zilipaswa kuwa na ABS, na zile za 125 cc au chini ziwe na ABS au CBS. Sheria hiyo ni ya pikipiki zinazouzwa kwao. Jina la pikipiki kuwa lile lile si alama kwamba iliyoletwa huku ina vitu hivyo. Angalieni wenyewe kabla ya kulipa. Yenye ABS ina taa yake kwenye tablo: inawaka ukifungua ufunguo, inazimika ukianza kutembea. Ikibaki inawaka, ABS haifanyi kazi, umebaki na freni za kawaida. Kwa CBS, inueni gurudumu la mbele, mmoja alizungushe, mwingine akanyage pedali. Likisimama, ni CBS.

Tusio nayo tufanye nini?

1. Tumieni freni zote mbili pamoja. Anzeni polepole, halafu ongezeni. Kwenye matope, mkono uwe mwepesi sana.

2. Punguzeni mwendo kabla ya mteremko. Ukienda 40 km kwa saa, freni zinahitaji nafasi mara nne ya ile ya 20 km kwa saa.

3. Musizime injini kwenye mteremko ili kuchunga esanse. Shukeni na vitesi ya chini, injini isaidie kuzuia. Freni ikikamatwa muda mrefu inapata moto na kupoteza nguvu.

4. Mukivuka mto, banani freni kidogo kidogo mkitembea, mpaka zikauke.

5. Kila juma, fundi akaze freni na aangalie garnitiri na mipira.

Jibu letu kwa Kalehe

Tuliwaambia hivi: kama pesa inatosha, na kama karibu kuna fundi na vipuri, ABS ni pesa nzuri. Lakini mipira na garnitiri vinatangulia. Halafu tukawauliza: yule mwenzetu aliondoka shambani saa ngapi? Saa kumi na mbili jioni, maana kahawa ilipimwa kwa kuchelewa. Hapo kooperative ikaona kwamba kosa halikuwa la mguu wake peke yake. Wameamua kupima kahawa mwisho saa nane mchana, na motari asibebe zaidi ya mfuko mmoja mvua ikinyesha. Atafanya safari mbili, na esanse ya safari ya pili italipwa na kooperative.

Kabla ya msimu kuanza, wekeni jambo hili kwenye mkutano wenu. Muite wamotari nao, wao ndio wanaojua ni mteremko gani unaoangusha watu.