Manowari Iliyogeuka Mtumishi wa Amani

Ashukaye kutoka Luvungi mpaka Uvira hulikuta ziwa la Tanganyika. Ziwa hilo nalo lilipata kuwa na manowari. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915, ikatiwa mizinga. Juni 1916 ndege za Wabelgiji zitokazo majini ziliipiga Kigoma kwa mabomu. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito, isishikwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Kilichobeba mizinga kikabeba akina mama na watoto. Nasi tuilinde mioyo yetu na kutu ya chuki.