Somo la ujasiriamali lafaa litoke darasani hadi ufuoni

MWANAFUNZI wa chuo cha kiufundi nchini Kenya anaweza kufuzu somo la ujasiriamali bila kuuza hata kitu kimoja, mradi mpango wake wa biashara umeandikwa vyema.

Somo hilo liliingizwa katika taasisi za kiufundi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo, mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikuwa ukitoa wahitimu wengi kuliko kazi za kuajiriwa. Sera ya serikali ya 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali iliimarisha wazo kwamba kijana afunzwe kujiajiri.

Mpango wa biashara ndio kiini cha mafunzo. Mwanafunzi hueleza bidhaa, wateja, washindani, usimamizi na makadirio ya fedha. Zoezi hilo lina manufaa kwani humlazimu kuhesabu kabla ya kutumia pesa. Kasoro ni kwamba makadirio yanaweza kubaki ya kubuni tu.

Eneo la Ziwa Victoria linaonyesha pengo hilo waziwazi. Kaunti ya Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili 2022, nayo Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hadhi hiyo 2016. Karibu na vyuo hivyo kuna biashara ambayo haisamehe hesabu mbovu: omena.

Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza au hupoteza thamani.

Mathalani, mwanafunzi akinunua makarai 10 kwa Sh1,000 kila moja, hutumia Sh10,000. Mvua ikiharibu matatu, yale saba yaliyosalia lazima yamrejeshee takriban Sh1,430 kila moja kabla ya nauli na faida. Mpango uliodhani kwamba hakuna kitakachoharibika utakuwa umeporomoka, hata kama ulipata alama za juu.

Isitoshe, kanuni huweka msimu wa kufunga uvuvi wa omena. Mfanyabiashara hana budi kuweka akiba au kuwa na bidhaa nyingine ya kuuza.

Suala la mtaji nalo ni zito. Benki huhitaji dhamana, ambayo wahitimu wengi hawana. Hazina ya Vijana, iliyoanzishwa 2006, ilinuiwa kuziba pengo hilo kwa mikopo nafuu, lakini mkopo hulipwa hata omena wakioza.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ingefaa kuwa jaribio dogo: mwanafunzi anunue, aanike, auze, kisha arejee darasani na daftari la mauzo na hasara. Mhadhiri atasahihisha makadirio kwa kuyalinganisha na yaliyotukia. Anayepoteza Sh1,000 akiwa chuoni hupata funzo. Anayepoteza mkopo mzima baada ya kuhitimu hubaki na deni.