Muziki wa Kutisha wa Halloween: Je, Kwa Kuwa Hauna Maneno, Hauna Neno?

 

Kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, jamaa zetu wanaoishi Uingereza, Marekani na Kanada hukabiliwa na jambo hili: mtoto anarudi kutoka skuli na kusema darasa lao litafanya sherehe ya Halloween, na wanafunzi wachague muziki wa kutisha wa kupigwa humo. Huku visiwani nako, sherehe hiyo inatufikia kupitia watalii na simu zilizomo mikononi mwa watoto. Mzazi akikataza, huambiwa: "Huu ni ala tupu, hauna hata neno moja. Una ubaya gani?" Suala hili linataka jibu la ilimu, si la hasira.

Halloween ni nini?

Ni mkesha wa sikukuu ya Kikristo ya Watakatifu Wote, inayoadhimishwa tarehe 1 Novemba. Desturi zake nyingi hunasibishwa na Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti wa Ireland na Scotland ya kumaliza mavuno, ambapo iliaminika kuwa mizimu hutembea miongoni mwa watu. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland waliipeleka Marekani katika karne ya 19. Leo wengi huifanya kuwa mchezo wa mavazi ya kutisha, maboga na peremende, lakini asili yake ni itikadi.

Muziki wenyewe unasema nini?

Kukosa maneno si kukosa maana. Tuangalie mifano mitatu inayojulikana sana.

Wa kwanza ni "Danse macabre" wa Mfaransa Camille Saint-Saëns, wa mwaka 1874. Kinubi hugonga mara 12, kuashiria usiku wa manane. Kisha Mauti hupiga fidla na wafu hufufuka makaburini kucheza mpaka jogoo awike. Zailofoni huiga mifupa inayogongana.

Wa pili ni "Dies irae". Hii asili yake ni kaswida ya Kilatini iliyosomwa katika misa ya wafu ya Kikatoliki, inayozungumzia Siku ya Hukumu. Sauti yake, bila maneno, ndiyo inayofungua filamu ya "The Shining" ya mwaka 1980. Anayeisikia huogopa, wala hajui kuwa anasikiliza ibada ya watu wengine.

Wa tatu ni muziki wa Bernard Herrmann katika filamu ya "Psycho" ya mwaka 1960. Alitumia ala za nyuzi peke yake. Fidla ile ile ambayo katika taarab yetu hubembeleza, pale hupiga ukelele kama mtu anayeuawa.

Unatishaje?

Mtunzi hutumia njia chache. Huchanganya sauti mbili zisizokubaliana, ili sikio lingojee utulivu usiofika. Hushusha sauti chini kabisa kama ngurumo, au huipandisha ghafla ifanane na mayowe. Hunyamaza, kisha hushtua. Mwili hujibu kabla akili haijafikiri: moyo huenda mbio, nywele husimama. Mtu mzima hujua kuwa ni mchezo. Mtoto mdogo hubaki na hofu ile mpaka kitandani.

Hukumu yake

Hapa pana mambo matatu, na yasichanganywe.

1. Ala. Jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne, yakiwemo ya Imam Shaafi'iy yanayofuatwa visiwani kwetu, wameharamisha ala za nyuzi na za kupuliza, na wameruhusu dufu katika harusi na Idi. Wako waliokhitalifu, kama Ibn Hazm. Lakini hata wanaoruhusu huweka sharti kwamba muziki usiambatane na jambo lililokatazwa.

2. Kujifananisha. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametutahadharisha tusijifananishe na wengine katika mambo yao ya dini. Muziki unaochaguliwa makusudi kuhuisha usiku huu ni sehemu ya sherehe yenyewe.

3. Kutisha. Hili wengi hulisahau. Katika Sunan Abi Daawuud imepokewa kuwa Maswahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wenzake wakamchukulia kamba yake kwa mzaha, naye akashtuka. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa kamba imekatazwa, vipi saa nzima ya sauti zilizotungwa kwa ajili ya kuogofya?

Na sisi tujitazame. Mama anayemwambia mtoto "lala, zimwi linakuja" naye anaingia katika makatazo haya, hata kama hajawahi kuisikia Halloween.

Mzazi afanye nini?

Zungumza na mwalimu mapema na kwa adabu. Mweleze kuwa sherehe hii si katika dini yenu, na uombe mtoto apewe kazi nyengine siku hiyo. Usimwache mtoto ajitetee peke yake mbele ya wenzake.

Nyumbani mweleze sababu, usimwambie "haramu" ukanyamaza. Mwambie kuwa sisi tunaamini wafu wako katika Barzakh, hawatoki makaburini kucheza. Mtoto aliyeelewa hivyo ana jibu la kumpa rafiki yake.

Akiwa tayari ameshasikia na anaogopa usiku, usimcheke. Kaa naye, msomeni pamoja Suratul-Ikhlaas, al-Falaq na an-Naas, mpulize viganjani na kupangusa mwili kama alivyokuwa akifanya Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kabla ya kulala. Hapo mtoto atajifunza wapi pa kukimbilia anapoogopa.

Na Allah Anajua zaidi.