Mpangaji na Jembe

Mjini Berlin, Ujerumani, yako majumba marefu ya kupanga yaliyojengwa karne ya 19, jumba nyuma ya jumba, na katikati ua. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1853 iliridhika ua uwe na mita 5.34 kila upande, kipimo cha kutosha gari la kuzimia moto kugeuka. Moto ulifikiriwa, mtoto anayehitaji jua hakufikiriwa.

Mwaka 1983 serikali ya Berlin Magharibi ilianza kutoa msaada wa fedha ili nyua hizo zipandwe mimea. Saruji ikavunjwa, udongo ukaletwa, mitambaazi ikapandishwa kutani, na wapangaji wengi wakashika majembe wenyewe.

Twapenda wasomaji wetu walitazame jambo hili vizuri. Fedha yaweza kuvunja saruji kwa siku moja. Haiwezi kumwagilia mche kila jioni. Bustani ya wote hufa kwa ugonjwa mmoja: kila mtu kumngojea mwenziwe. Dawa yake ni zamu, nayo haina budi kushikwa na wote, wa ghorofa ya chini na wa juu.

Lakini mpangaji husema, "Nyumba si yangu, mimi mpita njia tu." Je, watoto wake nao hucheza njiani? Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu mpangaji, siku yako ya tatu imekwisha pita zamani. Jembe hilo hapo mlangoni.