Je, Wajua? TB Imepona, Mbona Damu Bado Inatoka?

Je, wajua kwamba kila siku unavuta mbegu za fangasi kwa mamia? Mkulima wa Heru Juu, Kasulu, huzivuta kwa wingi zaidi anapopukuchua mahindi yaliyoota ukungu. Mapafu mazima huzitoa. Ila TB ikipona huweza kuacha shimo kwenye pafu, na humo fangasi aina ya Aspergillus hujikusanya hadi kuwa bonge. Utafiti wa Gulu, Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, uliyakuta maradhi sugu ya fangasi hii kwa karibu watu 5 katika kila 100 waliokwisha kutibiwa TB.

Mgonjwa hukohoa miezi, hukonda, hutema damu. Saratani ya mapafu nayo humfanya hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba yote mawili huweza kukaa kwenye pafu moja? Uvimbe wa saratani ukioza katikati huacha uwazi, na fangasi ikaingia. Kwa hiyo kuonekana kwa fangasi kwenye makohozi hakuiondoi saratani. Penye shaka, kinyama kichukuliwe kipimwe.

Bonge la fangasi lililo huru hubingirika mgonjwa akigeuka kutoka chali kwenda kifudifudi, na CT-skeni hulinasa likihama. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hubaki palepale.

Mwaka 2022 saratani ya mapafu iliua watu wapatao milioni 1.8 duniani. Tumbaku ndiyo inayoongoza kuisababisha, lakini wataalamu wa kimataifa wa saratani wanaushuku sana hata moshi wa kuni jikoni. Mama asiyewahi kushika sigara asiambiwe kwamba saratani haimhusu!

Je, wajua hatari ya kurudishiwa dawa za TB kwa kukisia tu, wakati vipimo vya makohozi havioni TB? Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulifanya ini liivunje haraka itrakonazoli, dawa ya fangasi, hata isifanye kazi. Na itrakonazoli yenyewe huzidisha makali ya baadhi ya dawa za saratani, kama vinorelbini. Ndiyo maana daktari aonyeshwe kila kidonge unachomeza.

Ukiwa Kasulu au Kibondo, makohozi yakatoka safi na damu ikaendelea, omba rufaa ya CT-skeni. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu saratani.