Baraza la Saa Nne Asubuhi

Kila mradi wa kuboresha mtaa unapotangazwa Nairobi, swali huwa lile lile: "Wakazi tuliwaita barazani, wakasaini. Mnataka nini zaidi?" Sisi wapangamiji tumelijibu hadi koo kukauka.

Baraza la Jumanne saa nne asubuhi humkusanya nani? Mwenye ploti, mzee wa kijiji na aliyekosa kibarua siku hiyo. Mpangaji yuko langoni mwa kiwanda, mama mboga yuko kibandani. Na katika mitaa ya mabanda kama Mukuru, wapangaji ndio wengi kabisa. Maji na choo vikifika, mwenye ploti hupandisha kodi, mpangaji akafunga virago. Sasa waketishe wote wawili chini ya hema moja mbele ya chifu: nani atampinga anayemdai kodi? Mhandisi hukunjua ramani iliyokwisha kuchorwa, makofi yanapigwa, soda zinagawanywa, na orodha ya sahihi inabanwa kwenye ripoti ili Kifungu cha 10 cha Katiba, kinachotaka wananchi washirikishwe, kionekane kimetimizwa. Huo ni ushahidi wa soda.

Mwaka 2017 kaunti ilipotangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, kaya zilikuwa kama 100,000. Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake waliwapanga wakazi kaya kumi kumi, kila kundi na mwakilishi wake. Huko ndiko yanakosemwa yasiyosemeka hemani, kwa mfano mwanamke anayeogopa kwenda choo cha nje usiku. Tena barabara zenye upana wa vitabuni zingefagia nyumba nyingi mno, basi upana ukapunguzwa. Baadaye, Mukuru kwa Reuben, mabomba ya majitaka yalilazwa kina kifupi kwenye vichochoro ambako lori haliingii.

"Lakini kuwasikiliza hivyo kunachelewesha!" Na zuio la mahakama la wasiosikilizwa, halicheleweshi?

Haya, ya kufanya. Kutaneni jioni au Jumapili alasiri. Wapangaji wakae peke yao kwanza, wanawake vilevile. Ramani ije tupu, na mkazi aoneshe mwenyewe maji ya mvua yanakotuama. Bajeti isomwe kwa shilingi. Suala la kodi baada ya mradi liandikwe kabla sururu ya kwanza haijagusa ardhi. Na mtaro ukikamilika, ijulikane kwa jina nani atauzibua na nani atamlipa.