Bomba Lililoachwa Bado Lina Kazi

Baridi ya Mlima Elgon ikishuka Cheptais usiku, watu huota moto jikoni kisha hujifunika blanketi. Mvuke tunaujua viwandani: katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, huku huku Bungoma, makapi ya miwa huchomwa kwenye boila, na mvuke wake huzungusha mitambo. Lakini kaskazini mashariki mwa Marekani, waliko ndugu zetu wengi, nyumba nyingi za kale hupashwa joto kwa mvuke. Boila iko chini ya nyumba, rejeta za chuma ziko vyumbani, na mara nyingi kuna mabomba yasiyokwenda popote, kwa kuwa mwenye nyumba fulani wa zamani aling'oa rejeta, akaziba ncha, akaona amemaliza.

Hakumaliza. Lita 1 ya maji ikichemka katika usawa wa bahari hutoa takriban lita 1,670 za mvuke. Mvuke huo ukigusa chuma baridi hurudi kuwa maji, na nafasi yote uliyoijaza inabaki karibu tupu. Katika mfumo wa bomba moja, mvuke hupanda na maji hushuka humo humo, kwa hiyo bomba lazima liinamie upande wa boila. Tawi lililoachwa likilegea, maji hutuama. Mvuke unaopita juu yake huyainua mawimbi hadi yaufungie ndani. Ule uliofungiwa hupoa ghafla, na maji hukimbilia ule utupu kwa kishindo. Ndizo zile nyundo ambazo wapangaji huzisikia ukutani alfajiri.

Kishindo hicho si cha kupuuzwa. Tarehe 18 Julai 2007, bomba la mvuke lililolazwa mwaka 1924 lilipasuka chini ya Lexington Avenue, New York, na mtu mmoja akafariki. Mvua kubwa ilikuwa imelipoza, maji yakajaa ndani, na mitego ya kuyatoa ilikuwa imeziba. Mvuke wa nyumbani hauna kani kama hiyo, kwani msukumo wake ni mdogo hata kuliko wa sufuria ya presha, ila kanuni ni ile ile. Hata Olkaria, mabomba yanayotoka kwenye visima vya mvuke wa ardhini yana sehemu za kutolea maji.

Kwa hiyo tawi likatwe pale pale linapotoka kwenye bomba kuu, boila ikiwa imezimwa na kupoa, kisha tundu lizibwe kwa plagi. Kuliziba kwenye ncha ya mbali ni kuyaachia maji mahali pa kutuama. Penye mabomba mawili, kosa baya zaidi ni kuunganisha la kuleta mvuke na la kurudisha maji baada ya rejeta kuondolewa: mvuke huingia njia ya kurudi, na rejeta nyingine hushindwa kupata joto.

Lakini kabla ya msumeno, tazama bomba limevikwa nini. Vifuniko vyeupe vya zamani vinavyofanana na plasta huenda ni asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hapo usiguse, aitwe fundi mwenye kibali cha kuiondoa.